Mbona Hapa Tunalia?

Kilwa Masoko, alasiri

Rukia mwanangu,

Sianzi na salamu ndefu, maana zingekuwa za uongo. Nimekasirika. Nimekasirika tangu jana mchana, pale ulipoweka kijiko chini, ukanitazama kwa huruma kama unamtazama mgonjwa wa wodini, ukasema, "Mama, ungepunguza hasira ungefika mbali."

Halafu ukaendelea na wali wako na pweza wako.

Sikukujibu kwa sababu shangazi yako alikuwepo, na mimi nikianza siishi. Leo umekwenda Mitole kumuaga bibi yako, nyumba imetulia, nimevuta meza barazani. Nakuandikia kwa mkono makusudi. Kwenye simu ungesoma mistari miwili, ukaniwekea kimoyo chekundu, mambo yakaishia hapo. Hii utaikuta ndani ya begi ukiwa umeshavuka Tunduma, na huko hutaweza kunikatiza.

Habari za sweta, dawa za malaria na kutosahau kula sizitii humu. Shangazi yako amezisema mpaka zimechujuka. Mimi nataka kusema juu ya ile nyumba ya wageni.

Jana ulinieleza kwa furaha, na furaha yako niliiona, si kipofu. Mwaka mzima utaandika habari za uchumi wa Zambia kwa hiyo tovuti ya ng'ambo. Utaanza na mgodi wa shaba. Kampuni ya mgodi imekubali kukupa chumba katika nyumba yake ya wageni, gari na dereva, na mtu wa ofisi ya mahusiano atakayekupeleka vijijini na kukutafsiria. Nikakuuliza, "Hao wa vijijini ndio waliohamishwa kuupisha mgodi?" Ukasema ndio. Nikakuuliza, "Kwa hiyo utakwenda kuwauliza juu ya kampuni, ukiwa umeshuka kwenye gari la kampuni, kwa mdomo wa kampuni?" Ukasema, "Mama, siku hizi kila mtu anafanya hivyo. Bajeti hakuna." Ndipo nilipopandisha sauti, na ndipo uliponipa hiyo dawa yako ya kupunguza hasira.

Basi nikueleze hasira hii ilikotoka. Umeishi nayo nyumba moja miaka yote na hujawahi kuiuliza kwao ni wapi.

Nilikuwa darasa la tano pale Mitole ulipokuja mradi wa kisima. Kisima kizuri, haki ya Mungu nasema, mpaka leo watu wanachota na wewe maji yake umeyaoga. Sina ugomvi na kisima. Kilipokamilika wakaja wageni wenye kamera, wanatafuta mwanamke wa kueleza maisha yamebadilika vipi, na kijiji kikamtoa bibi yako, kwa kuwa Bi Somoe haogopi mtu na maneno yake yamenyooka. Asubuhi hiyo alifungua sanduku akatoa doti yake ya kanga za Idi, ile ya zambarau, bado inanukia udi. Akajifunga, akajitanda, akakaa mkekani mbele ya mlango kuwangoja. Nilimtazama mama yangu nikaona hakuna mwanamke mzuri kumshinda, kuanzia Mitole mpaka mahali popote nilipokuwa nimewahi kupasikia.

Wageni wakafika, wakamtazama, wakanong'ona na mkalimani wao, mwanamume mmoja wa kutoka Lindi mjini. Akamsogelea bibi yako.

"Shikamoo, mama. Wageni wanaomba uvae ile ya shambani."

"Marahaba. Kwani hii ina nini?"

"Haina kitu, mama. Ila haionyeshi shida."

"Shida ya nani?"

Yule bwana akacheka kidogo, akatazama viatu vyake.

Bibi yako akaingia ndani, nami nyuma yake. Akaivua ile doti polepole, akaikunja pindo kwa pindo kama anamkunjia bibi harusi, akavaa kipande cha kulimia ufuta kilichopauka. Aliponiona nimesimama mlangoni akasema, "Usilie, Zainabu. Wageni ni wageni." Sikuwa nalia. Nilikuwa natafuta kwa macho kitu cha kuwatupia.

Walimtembeza na ndoo kichwani akitokea upande wa mtoni, ambako hatukuwa tukichota tena. Kisha wakamwuliza maswali. Akawaeleza jinsi akina mama walivyobeba mchanga na kokoto za ujenzi wote, jinsi walivyogoma, wanaume walipotaka kisima kiwekwe karibu na msikiti badala ya karibu na nyumba, na walivyoshinda. Alisema mengi, mikono inacheza, sisi watoto tunacheka. Alipomaliza, mkalimani akatamka kijisentensi. Kiingereza changu kilikuwa cha darasa la tano, sikuelewa alichosema, lakini urefu niliweza kuupima.

Miaka baadaye, mimi niko sekondari, mwalimu mmoja akaleta kalenda ya lile shirika. Mwezi mmoja ulikuwa na mama yangu. Ndoo kichwani, kile kipande kilichopauka, macho ameyakunja kwa jua, na chini yake maneno ya Kiingereza yanayosema kwamba wanawake kama huyu hawana sauti. Siku hiyo nilijua Kiingereza cha kutosha kuyasoma.

Kwa hiyo watu wakikuambia mama yako alipenda uandishi, uwaambie hapana. Nilijifunza Kiingereza kama mtu anavyonoa panga.

Nilianzia kwenye redio ndogo pale Lindi, natangaza bei ya ufuta, mnada wa korosho na habari za misiba. Nikaanza kutuma makala kwenye magazeti ya nje, zikakataliwa, nikatuma tena, moja ikachapwa, ikafuata nyingine. Ndipo nikawa huyo wanayemwita mwandishi wa kujitegemea. Mjomba wangu aliposikia jina hilo aliuliza, "Unajitegemea? Kwani wewe huna kwenu?" Nilicheka wakati huo. Nilipokwama uwanja wa ndege wa nchi ya watu, gazeti halipokei simu, visa imekwisha na sina mtu wa kunisemea, nikaona mjomba aliuliza swali la maana kuliko wahariri wote.

Nilikwenda Malawi, nikaenda Msumbiji, Ethiopia, Bangladesh, India. Kila mahali kazi ni ileile, kuandika maendeleo ya wengine: mabwawa, viwanda vya nguo, mashamba makubwa, barabara mpya. Na kila mahali nilianza kwa kueleza mimi ni nani. Malawi nilifika ofisi ya mradi mmoja nikiwa na kijana wa Kizungu aliyekuja kujifunza kazi kwangu, hata kalamu aliazima kwangu. Afisa akatoka, akampa yeye mkono, "Karibu sana, bwana mwandishi," na mimi akanikabidhi begi la yule kijana. Nikalipokea, Rukia. Nikalibeba mpaka ndani, nikaliweka juu ya meza ya huyo afisa, nikakaa kwenye kiti chake, nikafungua kinasa sauti, nikamwambia, "Tuanze." Najua ungecheka. Mimi sikucheka, na yule afisa hakunijibu swali hata moja la maana siku hiyo. Unaona? Hasira ilinipa kiti ikaninyima habari. Sisemi ni asali.

Wakati huo wewe uko Mitole kwa bibi yako. Baba yako na mimi tulikuwa tumeshaachana. Nilikuwa narudi na zawadi, nawe unasimama nyuma ya mlango, unaniita "Zainabu" kama ulivyomsikia bibi akiniita, na yeye unamwita Mama. Bibi akikukemea unaniamkia, "Shikamoo, Zainabu." Sikukulaumu. Nilikuwa naingia chooni namimina maji kwenye ndoo ili msinisikie nikilia. Jana uliposema nilikuwa na wakati na kila mtu duniani ila wewe, hapo hukukosea. Kwa hilo una haki ya kuwa na hasira, na ningependa uwe nayo kuliko kunihurumia.

Sasa nije kwenye gari.

Msumbiji, kaskazini, ng'ambo ya Ruvuma, nilipelekwa kuandika habari za shamba kubwa la mpunga. Kijiji kizima kilikuwa kimetoa bonde lake, kampuni ikaahidi ajira, zahanati na shule. Kampuni ilinipokea kwa heshima. Nikalala pao, nikala pao, asubuhi nikapandishwa kwenye gari lao jeupe lenye nembo mlangoni. Wanawake walikuwa wamekwisha kusanywa chini ya bati la ofisi ya kijiji. Nikawauliza kwa Kiswahili, maana kule wengi wanakisikia, na wasiokisikia wanasema Kimakonde. Wote wakasema maisha ni mazuri. Mmoja baada ya mwingine, mazuri, mazuri, tunashukuru. Nikaandika. Jioni nikayasoma yote niliyoandika, nikahisi nimekula chakula kisicho na chumvi.

Kesho yake nikaaga kwamba naenda sokoni. Nikakodi pikipiki, nikarudi kijijini kulekule peke yangu, vumbi mpaka kwenye nyusi. Nikamkuta mmoja wa wale wanawake, Bi Atija, anatwanga. Nikamwamkia, nikakaa chini, akanipa ming'oko, viazi vya porini vya kuchemsha, tukala. Nikamwuliza juu ya bonde. Akaanza kusema na hakusimama: jinsi maji yalivyogeuzwa yakaelekea shamba la kampuni, jinsi ajira zilivyokwenda kwa watu wa mbali, jinsi walivyohamia mlimani kwenye mawe. Nikamwuliza, "Bibi, jana mbona hukuniambia haya?"

Akanitazama kama nimemwuliza mbona jua linawaka.

"Jana ulishuka kwenye gari lao," akasema. "Ulitaka tukwambie nini?"

Basi. Sikufundishwa chuoni, hakuna semina iliyonipa hilo. Mwanamke mwenye mchi mkononi hakunifundisha siri yoyote, aliniambia jambo ambalo mtoto mdogo angelijua, na mimi na vyeti vyangu nililala kwenye mashuka ya kampuni bila kuliwaza. Nawe jana uliponiambia bajeti hakuna, nilimwona Bi Atija ameweka mchi chini anakusikiliza.

Lakini hayo bado si makubwa. Kubwa ni la India, ambalo hujawahi kulisikia lote. Wewe unajua tu kwamba mama yako aligombana na jarida kubwa akakatiwa kazi.

Jarida lile lilitaka safari ya korosho, kutoka shambani mpaka mezani kwa mlaji. Nilifurahi kama wewe jana. Korosho! Nani angeiandika kunishinda? Nimekua nikiokota mabibo. Nilianza Rondo, huku kwetu Lindi, nikakaa na wakulima msimu wa mavuno, nikasikiliza minada. Nikazifuata korosho zetu zikiwa ghafi, ndani ya maganda, mpaka kusini mwa India, kwenye mji ambako wanawake wanabangua tangu asubuhi mpaka jioni. Nilipoingia kiwanda kile nilijua harufu kabla sijaona kitu. Ni harufu ya nyuma ya nyumba yetu bibi yako alipokuwa anachoma korosho, yale mafuta ya ganda yanayoruka na kuunguza ngozi. Wamekaa safu kwa safu chini, kila mmoja na kinyundo chake, vidole vyeusi mpaka kwenye kucha.

Nilikaa na mmoja, jina lake Lila, mtu mzima, jino moja la dhahabu. Mwanafunzi wa chuo, Anita, alikuwa ananitafsiria, binti mwadilifu, hakupunguza neno. Lila alinishika mkono, akageuza kiganja changu, akaona kovu langu la korosho hapa karibu na kidole gumba. Akacheka kwa sauti.

"Huyu ni mwenzetu! Huko kwenu mnabangua wenyewe?"

"Kidogo, majumbani. Viwanda tulikuwa navyo, vikafungwa."

"Kumbe kazi yenu ndiyo tunayofanya sisi."

"Ndiyo hiyo."

"Basi samahani," akasema, na safu nzima ikaangua kicheko.

Kisha akanieleza jambo ambalo wote walikuwa wanangoja alieleze, maana waliacha nyundo. Walikuwa wameomba mafuta ya nyonyo ya kupaka mikononi yale makali ya ganda yasiwaunguze, na mlango wa choo, kwa kuwa choo chao hakikuwa na mlango na wasimamizi ni wanaume. Wakaomba wakachoka. Asubuhi moja wakaja kazini, wakaketi kwenye safu zao kama kawaida, nyundo mapajani, na hakuna aliyegonga. Wakatishwa, hawakugonga. Wakaitiwa waume zao, hawakugonga. Mmoja wao akaanza kuimba, wote wakaitikia, na korosho zimerundikana na meli inangoja. Mwisho wakapata mafuta, na mlango ukaletwa juu ya baiskeli huku wao wanapiga makofi. Lila aliniinua akanipeleka kuuona ule mlango. Mlango wa bati, umepakwa rangi ya buluu. Akaufungua, akaufunga, akaufungua tena.

Niliandika yote hayo. Niliandika Rondo, niliandika viwanda vyetu vilivyofungwa, niliandika mlango. Mwanangu, ilikuwa makala nzuri kuliko zote nilizopata kuandika.

Ilipotoka, nilikuwa nyumbani. Picha ya mikono ya Lila ilijaza ukurasa mzima, myeusi, viganja juu kama anaomba. Mpiga picha wao alikwenda baada ya mimi kuondoka. Makala ilikuwa nusu. Rondo haimo. Viwanda havimo. Mgomo haumo, wimbo haumo, mlango haumo. Kilichobaki ni wanawake wanaoungua kimyakimya na msomaji anayeombwa asikitike. Na juu yake jina langu, Zainabu, kwa herufi nene.

Nilimpigia mhariri. Alikuwa mpole, wapole ndio wabaya. Akasema, "Ile sehemu ya mgomo ilikuwa inavuruga mkondo wa habari. Msomaji angechanganyikiwa, awahurumie au asiwahurumie."

Nikamwambia, "Nani alikutuma utafute huruma?"

Akasema, "Zainabu, una kipaji kikubwa. Una hasira nyingi mno. Zitakufungia njia."

Sasa umeelewa jana kwa nini sahani ilinitoka mkononi? Maneno ya yule bwana niliyazika nchi ya mbali, nikarudi nyumbani, na mtoto niliyemzaa akanipakulia yaleyale pamoja na mchuzi.

Lakini yule hakuniuma kama Lila. Anita alimsomea makala yote kwa lugha yao, pale kiwandani, wenzake wamemzunguka wakitaka kusikia mlango wao ulivyoandikwa. Kisha wakanipigia simu. Lila hakupiga kelele. Alisema, na Anita akitafsiri, "Nilikuambia tulishinda. Nilikuonyesha. Mbona hapa tunalia?"

Nikajaribu kueleza habari za mhariri. Akaniuliza, "Jina la juu ni la nani?" Nikasema ni langu. Akasema, "Haya," simu ikakatika. Nilipiga tena siku nyingi. Anita alipokea, Lila hakupokea tena.

Wewe uliniona nikitembea uani usiku na mchana ukadhani nalilia kazi. Nilikuwa namwona bibi yako anaikunja ile doti. Nilijifunza lugha ya watu, nikazunguka nusu ya dunia, ili mwanamke wa India naye avuliwe nguo yake ya Idi, na safari hii mkalimani ni mimi. Nililiandikia jarida lisitumie jina langu tena. Hawakujibu. Walinitumia kazi nyingine baada ya muda, kama hakuna kilichotokea, nikaikataa, na habari zikaenea kwa wahariri wengine kwamba yule mwanamke wa Tanzania ni mgumu. Ndivyo kazi zilivyopungua. Hiyo ndiyo "mbali" ambayo sikufika.

Na sitakuficha, hasira ilinilia na vya halali. Baada ya Lila nikaona wezi kila mahali. Mhariri mmoja wa Nairobi, dada mzuri tu, aliniuliza juu ya sentensi moja kama inaeleweka. Nikamporomoshea barua ndefu kuliko hii. Hakuniandikia tena. Nimekuja kuisoma ile sentensi majuzi. Haieleweki.

Nilichofanya ni hiki. Nilikaa nikaiandika upya safari ya korosho kwa Kiswahili, yote, na Rondo na mlango wa buluu, nikaenda redioni Lindi, nikaisoma kwa jioni kadhaa. Hakuna aliyenituma. Sikutegemea kitu. Jioni moja natoka studio nikakuta wanawake wamekaa kwenye ngazi wananingoja, na mikono yao niliitambua kabla ya nyuso. Wanabangua korosho kwenye banda la mfanyabiashara mmoja nje kidogo ya mji. Mkubwa wao akaniamkia upesi upesi, akaingia kwenye jambo.

"Wale wa India, walipokaa bila kugonga, watoto wao walikula nini?"

Sikujua. Sikumwuliza Lila. Nilikuwa nimeuliza habari za wimbo, sikuuliza habari za chakula.

"Basi tutafutie jibu," akasema. "Sisi hatuwezi kukaa kabla hatujajua hilo."

Nikampigia Anita. Anita akaenda mwenyewe mpaka kwa Lila, akamweleza ni nani anauliza na kwa nini. Lila akajibu: walichanga mchele nyumba kwa nyumba mwezi mzima kabla, wakauficha kwa mwanamke ambaye mumewe ni mlevi, kwa kuwa hakuna ambaye angemdhania. Nililipeleka jibu Lindi. Wakacheka sana habari ya mlevi. Wakachanga unga na dagaa. Msimu ulipofika wakakaa.

Walipata mafuta ya nyonyo na glavu. Mlango wa choo hawajapata mpaka leo, wanaendelea kuudai. Naweza kukupeleka ukawaone, hutawakuta kwenye kalenda ya mtu.

Mwenye banda alikuja redioni kulalamika kwamba nachochea watu. Akauliza mbele ya wote, "Huyu mama ana hasira na nani?" Kwa mara ya kwanza swali hilo liliniingia vizuri, Rukia. Nilikuwa na majina ya kumjibu.

Sasa wewe nenda. Sikukatazi Zambia, ningekukatazaje? Nilipoona jina lako kwenye ile barua ya kazi nilitoka nje nikamwambia muuza samaki, mtu ambaye hata simjui. Kama bajeti kweli hakuna na huna pa kulala ila kwao, lala. Kula chakula chao. Lakini andika ndani ya habari yako, mahali msomaji atakapoona, kwamba ulilala kwao na mkalimani alikuwa wao. Wakiifuta sentensi hiyo utakuwa umejua unafanya kazi na nani, mapema kuliko mimi. Halafu tafuta pikipiki. Na yule utakayemhoji, kabla hujainuka muulize, "Mlishinda nini?" Watu hawaulizwi. Wataanza kwa kusema hakuna, wewe usiinuke.

Na ukiona mtu anamwambia mwanamke akabadilishe nguo yake, usingoje uwe mtaalamu, usingoje upate cheo. Kasirika hapohapo, kwa sauti, kwa lugha yoyote itakayokujia.

Naisikia bodaboda barabarani, huenda ni wewe. Bibi yako lazima amekufungia ufuta na muhogo mkavu wa kutosha kijiji, na utalalamika kwamba begi ni zito. Kesho alfajiri stendi nitakuwa nimenuna. Shangazi yako atalia, majirani watasema maskini Zainabu, ana huzuni. Huzuni ninayo pia, sikatai. Lakini nitakuwa nimekukasirikia vilevile, na basi likiondoka nitabaki nimesimama nimekukasirikia mpaka lipotee, kwa sababu wewe si mtu wa kuhurumia, mwanangu, na katu sitakubali uwageuze wengine kuwa hivyo. Mungu akulinde na njia, na akulinde na wapole.

Ni mimi mama yako,
Zainabu